Nusu ya Maswali

Karatasi zilikuwa arobaini na kitu, zimepigwa fotokopi mara nyingi mpaka picha zake zimegeuka madoa meusi. Juu ya ile ya kwanza iliandikwa kwamba hicho ni Kiingereza cha kiwango cha kati. Mdogo wangu na mimi tulinunua seti moja tu. Tulikuwa tumezoea hivyo tangu utotoni: daftari moja, kitana kimoja, mwavuli mmoja.

Mazungumzo yote yalipangwa katika safu mbili. Kushoto mtu anayeitwa A anauliza, kulia mtu anayeitwa B anajibu. A anataka kujua ndege inaondoka saa ngapi, B anamwambia. A anauliza kama chumba kina dirisha linalotazama bahari, B anasema kwa bahati mbaya hakina. Sisi tulikuwa hatujapanda ndege, na bahari iko mbali sana na mji wetu wa Kolwezi, lakini tulisoma kama ilivyoandikwa.

Yeye alikaa mtaa wa Musonoi, karibu kabisa na shimo la mgodi, mahali ambapo baruti ikipigwa vikombe vinatikisika kabatini. Mimi nakaa Dilala, katika nyumba moja ya zamani ya kampuni ya mgodi. Tulikutana Jumamosi mchana tu, darasani, katika ukumbi wa parokia. Siku nyingine zote kila mmoja alitaka kuwa na karatasi kwake, na tukaanza kunung'unikiana. Ndipo akatoa mkasi. Alikuwa mshonaji, mkasi haukuwa mbali naye. Alikata kila karatasi katikati, kutoka juu hadi chini, taratibu kama anayekata kitambaa cha mteja, akanipa mimi, dada yake mkubwa, nusu zote za kushoto.

"Yaya, we ni mukubwa, we utaulizaka. Mi nitajibiaka."

"Na siku mi nitaulizwa?"

"Nani atakuuliza we? Na sura ile? Bantu banaogopa."

Kwa hiyo mimi nilikuwa A na yeye alikuwa B, kwa miezi mingi.

Mwalimu wetu alikuwa mwanaume aliyekulia Zambia, aliyewahi kuendesha malori kabla mgongo wake haujaharibika. Darasani tulikuwa wamama wa sokoni, walinzi wawili, na vijana wachimbaji waliotaka kuongea na wanunuzi wa kobalti bila mtu wa katikati. Alitufundisha misemo ambayo, alisema, ndiyo inayomtofautisha mtu wa kiwango cha kati na mtu wa mwanzo. Kwa mfano, Mwingereza akitaka kukuambia jambo baya anatanguliza kusema kwamba anaogopa. Anaogopa hakuna maziwa. Anaogopa umechelewa.

"Anaogopa maziwa?" mdogo wangu aliuliza.

"Ni adabu, mama."

"Basi hapa Kolwezi siku courant inakatika, watu wa umeme bangepashwa kutetemeka."

Ukumbi mzima ulicheka, na mwalimu pia.

Lazima niseme kwa nini tulikuwa pale. Mimi nilikuwa nafua mashuka na ovaroli katika kambi ya wahandisi wa kampuni moja, nje ya mji. Ilikuwa kazi ya siku kwa siku: asubuhi unasimama getini, wanakuita au hawakuiti. Wahandisi wale wanatoka nchi nyingi na lugha yao ya kuelewana ni Kiingereza. Tulisikia kwamba kambi itatafuta wanawake wa mapokezi, wa kupokea wageni, kuwapa funguo na kusikiliza malalamiko yao, na kwamba hao watapewa mkataba. Mwenye mkataba anapata kadi ya hospitali, yeye na watoto wake. Lakini kwanza utapita mtihani wa kuongea.

Mdogo wangu aliitaka kadi hiyo kuliko kitu chochote. Binti yake mdogo ana ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao. Baridi ikija, au akichoka, viungo vinamuuma mpaka hawezi kusimama, na inabidi apelekwe aongezewe maji, pengine damu. Mdogo wangu alikuwa na akili nyepesi, alishika maneno upesi, na kila mtu darasani alijua kwamba wakichagua, watamchagua yeye. Mimi nilienda kumsindikiza. Huo ndio ukweli. Sikuwa na haja kubwa ya Kiingereza.

Alikufa wakati wa mvua nyingi, kwa malaria iliyopanda kichwani. Siku ya kwanza alikuwa anashona, siku ya nne tulikuwa tunatafuta turubai la kilio. Sitaandika mengi kuhusu hilo. Tulikaa juu ya mikeka pale Musonoi, wanawake waliimba, na kwa sababu mimi ndiye mkubwa, kila kundi lililofika nililieleza upya jinsi ilivyoanza na jinsi ilivyokwisha.

Baada ya kilio kumalizika niliuliza zilipo nusu zake za karatasi. Mama mmoja aliyekuwa anasonga bukari, ugali wetu, kwenye jiko la makaa alisema bila kuficha:

"Zile karatasi nyembamba-nyembamba? Tuliwashia mbabula. Makala yote ilikuwa na maji ya mvua."

Sikumlaumu. Makaa yalikuwa yameloa, na watu walipaswa kula.

Jumapili iliyofuata mume wake, mulamu wangu, alikuja kwangu Dilala na binti zake wawili na mzigo wa nguo. Alikuwa mchimbaji, lakini alisema anarudi Kasaji kwa ndugu zake kulima, hawezi tena kuangalia nyumba ile. Hatukujadiliana. Mtoto wa mdogo wangu hana haja ya kujadiliwa. Hata mama yao alipokuwa hai, mimi walikuwa wananiita mama mukubwa, na yeye watoto wangu walimwita mama mudogo. Wasichana waliingia, wakaenda moja kwa moja kulala pamoja na wangu wawili.

Mkubwa wao aliniuliza mara moja tu: "Mama mukubwa, kadi ya hospitali, njo imekufa?"

Nilimjibu kwamba sijui kama ndiyo imekufa. Nilikuwa sijui.

Miezi miwili baadaye nilirudi darasani. Nilikaa mahali pangu, na kiti cha kando yangu hakuna aliyekikalia. Mwalimu alinipanga na mlinzi mmoja mpole. Nikauliza maswali yangu vizuri, moja baada ya jingine, bila kutazama karatasi. Kisha mwalimu akasema tubadilishane, mlinzi awe A. Akaniuliza ninafanya kazi gani. Nilifungua kinywa na hakukuwa na kitu. Akaniuliza wikendi napenda kufanya nini. Hakukuwa na kitu. Nilijua maswali ya kurasa arobaini na sikujua jibu hata moja, maana majibu yote alikuwa nayo yeye.

"Mama amesahau," mlinzi alisema kwa huruma.

"Sikusahau. Sikujifunza."

Mwalimu aliniazima seti yake nzima. Kila mchana, mashuka yakiwa yanakauka kwenye kamba, nilikaa chini ya ukuta wa kambi na kunakili upande wa kulia katika daftari. Ilikuwa kazi ngumu kuliko nilivyotazamia, kwa sababu kila jibu nililisikia kwa sauti yake. Kuna siku niliandika mistari mitatu nikaacha. Lakini mtihani ulikuwa umetangazwa, na msichana mdogo alikuwa ameshaumwa mara mbili tangu aje kwangu.

Katika somo la familia ndipo tulipogongana mimi na mwalimu. A anauliza: una watoto wangapi? B anajibu kwamba ana wawili, mvulana na msichana. Mwalimu alisema hapo kila mtu aseme mambo yake mwenyewe. Nikasema wanne.

"Wawili, mama. Nakujua. Wale wengine wawili ni 'nieces'. Angalia orodha ya maneno, chini."

"Ile neno inasema nini?"

"Mtoto wa ndugu yako. Wa kaka ao wa dada, yote moja."

"Kwetu haiko moja. Mutoto ya kaka ananiita shangazi. Mutoto ya mudogo yangu ananiita mama. Mi nitamwita namna gani jina ingine?"

"Mama, mtihani haukuulizi mila. Unakuuliza maneno."

Mama mmoja wa sokoni alisema kutoka nyuma: "Mwalimu, we mwenyewe nani alikukomalisha ku Zambia?"

Mwalimu alitazama karatasi yake. "Mama mudogo alinilea," akasema. Halafu akafungua ukurasa mwingine.

Nilifikiri sana juu ya jambo lile, kwa sababu mimi sipendi kusema uongo, hata mdogo. Kusema wanne, katika Kiingereza cha karatasi, ni uongo. Kusema wawili, katika nyumba yangu, ni uongo mbaya zaidi. Nilienda kwenye mtihani bila kuamua.

Chumba kilikuwa na baridi ya mashine. Aliyeuliza alikuwa mzungu mwenye mvi, na kando yake mama wa ofisi ya wafanyakazi, mtu wa hapa hapa Kolwezi, akiwa na faili yangu mbele yake. Yale niliyojibu nayaandika kwa Kiswahili, lakini pale yalikuwa Kiingereza, tena chenye vilema.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Alijifanya mgeni aliyekosa maji chumbani. Nikamwambia naogopa kwamba bomba limeharibika, na kwamba nitamtuma fundi mara moja. Alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akauliza, kama kwa kupumzika tu, nina watoto wangapi.

"Wanne," nilisema.

Akatazama faili. Akatazama mama wa ofisi. Akauliza tena, polepole zaidi, akionyesha vidole, kama mtu anayefikiri kwamba swali halikueleweka.

"Wanne," nilirudia.

"Faili inasema wawili."

"Faili inasema kweli. Nimezaa wawili. Wawili ni wa mdogo wangu."

"Ah. Basi hao ni 'nieces'."

"Neno hilo nalijua, bwana. Nimelisoma. Lakini nyumbani kwangu hakuna mtu ninayemwita hivyo."

Aliweka kalamu chini. Alitaka kujua mama yao yuko wapi. Katika karatasi zote arobaini hakuna mtu anayekufa. Watu wanapoteza mizigo, wanakosa treni, wanakula chakula kilichopoa, lakini hawafi. Ikabidi nitafute maneno yangu mwenyewe, madogo madogo. Nikasema alikufa mvua zilipokuwa nyingi. Nikasema alikuwa anashona nguo. Tulisoma pamoja, mimi nauliza, yeye anajibu. Nikamwambia pia kwamba leo yeye ndiye angekaa kwenye kiti hiki, na wangempa kazi, maana alijua kuliko mimi, na kwamba mtoto wake mmoja ni mgonjwa.

Niliposema hayo niliona kwamba nimemsifu mtu mwingine katika mtihani wangu mwenyewe. Lakini ilikuwa kweli, nikaacha ibaki.

Mzungu aliandika muda mrefu. Akasema asante, naweza kwenda.

Mama wa ofisi alinifuata kwenye ukumbi wa nje.

"Mama, lakini we! Juu ya nini haukusema babili? Babili, imekwisha, unapita. Ule bwana anaangaliaka kama majibu inafanana na dosye. Sasa atasema haujui kuhesabu."

"Nayua kuhesabu."

"Mi nayua kama unayua. Njo yeye anapashwa kujua."

Nilirudi kwenye mashuka yangu. Kwa wiki mbili sikumwambia mtu nyumbani neno lolote, ila msichana mkubwa alikuwa ananitazama kila nilipovua viatu. Halafu orodha ya waliopita ikabandikwa getini, majina matano. Langu lilikuwa la tano. Baadaye niliambiwa kwamba yule bwana aliandika kwamba sarufi yangu ni dhaifu, na kwamba nikiulizwa jambo nisilolitayarisha, ninajibu.

Nilikwenda kutia saini mkataba nikiwa nimevaa kitambaa kipya kichwani. Mama wa ofisi alikuwa na furaha kuliko mimi. Alinisogezea fomu ya watu wa nyumba yangu, wale watakaopata kadi. Niliisoma yote kwanza, kama tulivyofundishwa. Mstari wa watoto uliuliza majina ya watoto uliowazaa, na cheti cha kuzaliwa cha kila mmoja. Nikaandika wawili.

"Bane, mama. Andika bane."

"Hapa banauliza bale nilizala."

"Siku ile mbele ya muzungu ulisema bane, akakukatala, ukasema tena bane. Leo mi nakuambia andika bane, unaandika babili. Njo bongo ya namna gani ile?"

"Siku ile aliniuliza niko na batoto ngapi. Leo karatasi inaniuliza nilizala ngapi. Haiko ulizo moja."

"Na yule mutoto wa kuugua?"

Nilikaa na kalamu mkononi. Nilijua kabisa kwamba mstari ule nikiujaza majina manne mama wa ofisi atapitisha bila kudai vyeti, na kwamba mtoto atapata kadi mwisho wa mwezi. Sijawahi kutamani kuandika uongo kama siku ile. Nilifikiri pia kwamba mdogo wangu angeandika manne bila kupepesa macho, kisha angenicheka. Yeye alikuwa hivyo. Mimi siko hivyo, na kama wangegundua baadaye wangefuta kadi zote, na kazi pia.

"Kuna njia ingine?" niliuliza.

Alipumua kwa nguvu. Akaeleza kwamba ipo, ndefu: karatasi ya ulezi kutoka mahakamani. Baba yao aje mwenyewe, aseme mbele ya karani, atie saini.

Nilimtumia mulamu ujumbe Kasaji. Wiki ya kwanza hakujibu. Wiki ya pili msichana mdogo alishikwa na maumivu ya magoti na mgongo, nikambeba mgongoni mpaka zahanati ya mtaani, na pale kwenye benchi, akiwa analia bila sauti kama kawaida yake, nilijiuliza kama ukweli wangu ule una maana yoyote kwake.

Wiki ya tatu mulamu alifika, na mfuko wa mihogo mikavu begani. Amekonda. Hakutaka kuingia ndani, alikaa kwenye ngazi.

"Mulamu, bandugu yangu banasema ile karatasi ni ya kunyanganya batoto. Banasema nikisaini, kesho batoto habatakuwa tena ba ku nyumba yetu."

"Na we unasema nini?"

"Mi nimekuja kukuangalia ku macho."

"Basi angalia."

Aliniangalia. Msichana mdogo alitoka nje akiwa anachechemea, akakaa kwenye mapaja yake bila kumsalimu, akaanza kukagua mfuko wa mihogo. Mulamu alimshika goti lililovimba, akalishikilia kwa kiganja chote.

"Tunaenda saa ngapi?" akauliza.

Mahakamani tulisubiri asubuhi nzima. Karani alikuwa mzee mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine kwenye paji la uso. Alisoma majina, akauliza kifo kilitokea wapi, akaandika. Kisha akamgeukia mulamu.

"Tata, unakubali kumupatia huyu mama batoto bako?"

"Hapana, tata. Simupatie."

Mimi nilitazama sakafu. Karani alishusha kalamu.

"Sasa umetoka Kasaji kufanya nini? Kutembea?"

"Kupatia ni wakati kitu iko kwako, unaitoa, unatia mu mukono ya mutu mwengine. Hawa beko kwa mama yao. Bandugu yangu banayua, na we mwenyewe unayua. Mi nimekuja juu ya karatasi tu, juu mutoto atunzwe."

Karani alimtazama, akanitazama mimi. "Mi siwezi kuandika maneno yote ile hapa," alisema. "Nafasi iko kidogo. Naandika kwamba unakubali."

"Andika."

"Saini hapa. Na hapa. Bonyeza kalamu, wino yake iko na kiburi."

Mulamu alitia saini, na mimi nikatia. Aliondoka siku ileile, hakutaka kulala. Kadi zilitoka baada ya muda mrefu, ya msichana mdogo kabla ya ile ya mkubwa. Katika picha amefumba macho. Mama wa ofisi alisema tunaweza kuirudisha apigwe nyingine, nikasema hapana, tusirudishe kitu. Asubuhi iliyofuata tulikuwa tumeketi hospitalini, na walipoliita jina lake alisimama mwenyewe, akaniachia mfuko wake nimshikie, akatangulia.